Kisa cha Diski Yetu

Mhariri wa upande huu wa Kiswahili aliniomba niandike juu ya jambo lililonipata katika ile likizo isiyotazamiwa ya mwezi wa Februari 2025, serikali ilipofunga shule zote kwa wiki mbili kwa sababu ya joto. Mnazikumbuka siku zile. Wanafunzi walikuwa wakizimia madarasani hapa Juba, na mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi 2024, shule zilikuwa zimefungwa vile vile kwa sababu ile ile. Wenzangu wameandika juu ya safari na mpira. Mimi sikusafiri. Nalikaa nyumbani kwetu Gudele nikipambana na diski, na katika mapambano hayo nalimwonea mtu, nami nataka kulieleza jambo hilo kama lilivyokuwa.

Yafaa kwanza niieleze diski yenyewe, kwani si wote waliopata kuiona. Ni kisanduku cheusi, ukubwa wake kama daftari dogo la mfukoni, lakini ni kizito zaidi. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika moja, na juu ya sahani hiyo mkono mwembamba hupita huku na huku, ukisoma na kuandika bila kuigusa. Mjomba wangu aliileta kutoka Nairobi mwaka 2023, nayo yaweza kuchukua terabaiti moja. Watu husema ni maktaba nzima. Kwetu sisi ilikuwa maktaba ya vitu viwili tu.

Cha kwanza ni masomo. Mjomba alikuwa amejaza mitihani ya miaka iliyopita, vitabu, na video za walimu wa hesabu, kemia na fizikia. Cha pili ni sauti ya nyanya yangu, yule ambaye kwa Kiarabu chetu cha Juba twamwita haboba, yaani mama yake mama. Nyanya alikuwa mtu wa Kajo-Keji, naye alivuka mpaka wa Uganda akikimbia vita mara tatu katika maisha yake. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1965, akiwa msichana. Mara ya pili ni katika miaka ya 1990, akiwa na watoto. Mara ya tatu ni mwaka 2017, Kajo-Keji yote ilipobaki karibu tupu, naye alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Alikaa katika kambi ya Palorinya, upande wa Moyo, na huko ndiko alikofia mwaka 2022. Mama hakuwahi kufika mazishini. Lakini mdogo wake mama, aliyekuwa akikaa na nyanya, alikuwa na desturi ya kuweka simu juu ya kinu jioni na kumwacha mzee azungumze. Hivyo zikapatikana faili kumi na nne za sauti. Nyanya anasimulia kwa Kikuku njia waliyopita, nani alibebwa na nani aliachwa, jinsi mbegu zilivyofungwa katika kanga, majina ya vijito na majina ya watu. Katika faili moja anakohoa karibu dakika nzima, na mama hairuki hiyo dakika.

Simu ya mama mdogo ilikwisha kuibwa. Faili zile zilikuwa mahali pamoja tu hapa duniani, ndani ya kisanduku kile cheusi. Hilo ni kosa letu la kwanza, na sote twalishiriki.

Basi baba, ambaye hupenda mambo yawe wazi kwa wote nyumbani, hakutaka diski ikae katika kompyuta ya mtu mmoja. Aliichomeka nyuma ya ruta, katika tundu la USB, ili kila mwenye simu aweze kuifungua kwa waifai. Hapa nina neno kidogo kwa wale wasemao waifai ni intaneti. Si kitu kimoja. Intaneti ni barabara ya kwenda mbali, nayo hulipiwa kwa bando, na sote twajua bei ya bando katika mji huu. Waifai ni ua wa nyumba yako tu. Mkiwa ndani ya ua mwaweza kupeana vitu mchana kutwa bila kulipa hata pesa moja, hata kama barabara imefungwa. Kwa sababu hiyo vijana wa jirani, watahiniwa wa kidato cha nne kama mimi, walikuwa wakija jioni na kukaa chini ya mwarobaini wetu, kila mtu na simu yake, wakitazama video za mjomba. Siku nyingine nalihesabu watu tisa. Mama alikaa kando, mlangoni, akichambua mboga na kumsikiliza mamaye.

Hata mwezi wa Januari ukaisha, diski ikaanza kutoweka.

Ilikuwa hivi. Mtu anatazama video, mara inakwama, na akirudi kutafuta diski haioni tena. Waifai ipo, alama yake imesimama wima juu ya simu, lakini diski haipo, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Wakati mwingine ilirudi yenyewe baada ya nukta chache. Wakati mwingine haikurudi kabisa mpaka ruta izimwe na kuwashwa upya. Vijana wakaanza kunung'unika. Mama hakunung'unika, bali aliweka simu chini na kuendelea na mboga zake, na mimi nikaona kunung'unika kungekuwa afadhali.

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa watoto, na kwa kuwa nalisoma masomo ya kompyuta kidogo tulipokuwa Kakuma, baba akaniambia, "Mwanangu, jambo hili ni lako. Lishughulikie." Nami nikajiona mtu mkubwa sana.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Jioni ya Jumamosi, kabla shule hazijafungwa, diski ilitoweka wakati mama anasikiliza. Nikaingia chumbani kwa haraka, nikamkuta mdogo wangu, ambaye ana miaka kumi na miwili, amepiga magoti nyuma ya ruta na waya wa diski umo mkononi mwake. Mnajua nilivyofikiri. Nikamshika sikio, nikampeleka mbele ya baba, nikasema, "Mwizi wetu ndiye huyu. Ndiye anayeichomoa kila siku." Mtoto akasema, "Kaka, mimi sikuichomoa ili ipotee. Ilikuwa imekwisha kupotea, naichomoa ili irudi. Huwa inalia tik, tik, tik, halafu inapotea." Nikamwambia aache uongo, diski haina kinywa cha kulia.

Baba alinisikiliza mimi. Kwa nini asinisikilize? Nalikuwa nimepewa kazi ile na yeye mwenyewe, nami nalisema kwa sauti ya mjuzi. Nikaeleza kwamba kuchomoa waya wakati mkono ule mwembamba unaandika kwaweza kuharibu faili, na jambo hilo ni kweli kabisa, ila kweli hiyo haikuhusu kesi iliyokuwa mbele yetu. Mdogo wangu akakatazwa kuingia chumba cha ruta, na jioni, sisi tulipokaa chini ya mwarobaini, yeye alikaa peke yake upande wa jikoni. Baada ya siku tatu shangazi yetu akaja kutoka Munuki, akamwona alivyonyamaza, akasema atamchukua akae naye kidogo acheze na binamu zake. Akaenda.

Na diski ikaendelea kutoweka.

Wasomaji, ningekuwa mtu wa haki, siku ile ile ningalipanda boda boda mpaka Munuki. Sikwenda. Nalijiambia kwamba labda mtoto alikwisha kuuharibu waya kwa kuuchomoa, ndiyo maana diski inapotea hata yeye asipokuwapo. Nikanunua waya mwingine mfupi. Haikusaidia kitu. Lakini hata hapo sikwenda Munuki.

Mara ya kwanza niliyojaribu kufikiri kweli kweli ni baada ya safari yetu ya kwa fundi. Baba alichoka, akasema twende Konyo Konyo kwa mtu anayejua. Fundi akaichomeka diski katika kompyuta yake kama dakika mbili, akatikisa kichwa, akasema ina virusi, dawa yake ni kufuta kila kitu na kuipanga upya, na bei akaitaja. Baba akaniuliza, "Wasemaje?" Nami nalikaribia kusema ndiyo, kwani masomo yangaliweza kupatikana tena kwa mjomba. Ndipo nikakumbuka zile faili kumi na nne. Fundi alikuwa tayari ameshika kipanya. Nikasema, "Hapana, twairudisha nyumbani." Fundi hakufurahi. Simlaumu sana, kwani kufuta kila kitu ni dawa ambayo humaliza maswali yote. Njiani baba hakusema neno, lakini mimi mikono yangu ilikuwa ikitetemeka juu ya kile kisanduku.

Usiku ule nikafanya jambo ambalo lingefanywa siku ya kwanza. Nikaichomeka diski moja kwa moja katika kompyuta ya baba, nikanakili faili zote kumi na nne ndani ya flashi, na nyingine ndani ya simu ya mama. Mwalimu wetu wa historia alikwisha kutuambia kwamba makaratasi ya kale ya serikali ya Kusini yalilala miaka mingi ndani ya hema hapa hapa Juba, yakiliwa na mchwa na kunyeshewa mvua, mpaka yakatolewa, yakasafishwa na kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nalicheka tulipoambiwa habari ile. Usiku ule sikucheka, kwa kuwa hema letu lilikuwa juu ya meza.

Tena, nikaiacha diski katika kompyuta ile saa nne nzima, video ikicheza. Haikutoweka hata mara moja. Kumbe diski ilikuwa nzima! Kama ingekuwa na ugonjwa, ugonjwa ungeifuata kila mahali. Basi ubaya ulikuwa kati ya diski na ruta, au ndani ya ruta.

Shule zikafungwa, nami nikapata nafasi. Nikachukua daftari, nikachora mistari, nikaandika kila mara diski ilipotoweka: saa ngapi, watu wangapi wako juu ya waifai, taa gani za ruta zinawaka, na kama ilirudi yenyewe au hapana. Wenzangu wakanicheka, wakasema nachunga diski kama ng'ombe. Nikavumilia.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa joto. Siku zile hata ukuta ulikuwa wa moto, na nyumba yetu ni ya mabati. Diski za namna hii huandikiwa kikomo cha joto cha nyuzi 60 hivi, na mimi nikiigusa naliona kama kikombe cha chai. Nikaweka feni mbele yake. Lakini daftari lilikataa. Saa nane mchana, joto likiwa kali kuliko wakati wote, diski ilikaa imara. Ilitoweka zaidi kati ya saa moja na saa tatu za usiku, hewa ilipoanza kupoa. Joto likaachiliwa.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukitazamia, kwamba magonjwa yalikuwa mawili, yamevaa nguo moja. Kule kutoweka kwa nukta chache, ambako diski hurudi yenyewe, kulitokea kila mara baada ya watu kuiacha kama dakika kumi bila kuigusa. Huo si ugonjwa. Ni usingizi. Diski ikikosa kazi huisimamisha sahani yake ili kupunguza umeme, na mtu akiiita yahitaji nukta kadhaa kuamka na kuzunguka tena. Simu isiyo na subira huona haipo. Katika ruta nyingine mtu aweza kuubadili muda wa usingizi huo, katika yetu sikupata mahali pake. Nikawaambia watu wangoje tu, wahesabu mpaka kumi. Nusu ya malalamiko ikaisha siku ile ile.

Kule kutoweka kwa pili ndiko kulikokuwa kubaya. Hapo nikatazama taa. Taa ya waifai haikuzimika. Taa ya umeme haikuzimika. Taa ndogo ya USB ndiyo iliyozimika, na ikizimika haiwaki tena mpaka ruta iwashwe upya. Basi haikuwa hewani, kama tulivyodhani sote tuliposema "waifai inaitupa diski". Ruta yenyewe ilikuwa imeufunga mlango wa diski. Na daftari likasema neno lingine: mlango ulifungwa hasa wakati wa kuamka, watu wakiwa wengi. Watu wawili, diski yaamka vizuri. Watu saba au wanane, yaamka, yatoweka.

Jioni ya siku ya tano ya likizo nikakaa peke yangu karibu na ruta, gizani, nimeinamisha kichwa. Vijana walikuwa nje. Mmoja akaifungua diski. Nikasikia sahani inaanza kuzunguka, uuuu, kisha ikalegea. Kisha nikasikia: tik. Tik. Tik. Taa ya USB ikazimika.

Nalikaa pale kitambo. Ilikuwa sauti ya ule mkono mwembamba ukirudi mahali pake pa kulala kwa sababu sahani haina nguvu ya kuzunguka. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliisikia wiki mbili kabla yangu, akanieleza kwa maneno yasiyo na kosa hata moja, na mimi nikamvuta sikio.

Sasa haikubaki ila hesabu. Diski inapoanza kuzunguka hutaka kama ampea 1 kwa volti 5, yaani wati 5 hivi. Ikishazunguka hutosheka na nusu ya hizo au chini yake. Tundu la USB la zamani liliahidi nusu ampea tu, na la namna mpya huahidi ampea 0.9, kwa hiyo hata tundu zuri hufika ukingoni wakati wa kuamka. Nayo ruta hutaka wati zake, tuseme sita ikiwa imetulia, nane au tisa ikihudumia watu wengi. Je, zatoka wapi wati hizi zote? Zatoka katika chaja ya ruta, ile iliyochomekwa kwenye inveta ya sola yetu. Nikaichomoa, nikaipeleka kwenye taa nisome maandishi yake madogo: volti 12, ampea 1. Wati 12. Nikaipindua ruta nisome inachotaka: volti 12, ampea 2. Wati 24.

Tisa na tano ni kumi na nne. Kumi na nne haziingii katika kumi na mbili.

Lakini ruta ililetwa na chaja yake halisi, nayo ilikuwa ya ampea 2. Ilikwenda wapi? Iliungua mwezi wa Januari, siku ile inveta ilipoharibika. Na nani alitumwa sokoni kununua nyingine? Mimi. Na nani aliona za ampea 2 zikiuzwa kwa bei kubwa na za ampea 1 kwa bei ndogo, tundu lake likiingia sawasawa na taa ikiwaka, akanunua ya bei ndogo, na chenji iliyobaki akanywea soda na rafiki yake? Mimi. Diski ilianza kutoweka baada ya juma lile. Nalikuwa nimetafuta mchawi nyumba nzima, na chaja yake nalikuja nayo mwenyewe mfukoni.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaazima chaja ya volti 12, ampea 2, kwa jirani mwenye ruta kama yetu ambaye alikuwa amesafiri na kumwachia mkewe ufunguo. Jioni nikawaomba vijana wote waje, wafungue video kwa pamoja, kisha waache dakika kumi na tano, kisha wafungue tena. Diski ikalala, ikaamka. Ikalala, ikaamka. Tukafanya hivyo siku tatu. Taa ya USB haikuzimika. Nikairudisha ile ya ampea 1 makusudi, na katika saa ya kwanza tu, tik, tik, tik. Hapo sikuwa na la kushuku tena.

Mwalimu wetu wa fizikia, nilipomsimulia baadaye, aliongeza jambo ambalo sikulijua. Alisema waya na matundu ya USB ya namna ya tatu hutoa kelele za redio katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo waifai huyatumia, na kwamba kampuni ya Intel ilitoa maandishi juu ya jambo hilo mwaka 2012. Kwa hiyo diski ikikaa imebanana na antena yaweza kuidhoofisha waifai yenyewe. Haikuwa shida yetu, lakini nikaisogeza diski mbali kidogo kadiri waya ulivyoruhusu, na kijana mmoja aliyekuwa akikaa mbali karibu na ua akasema video zake zimekuwa nyepesi. Labda ni kweli, labda alitaka kunifurahisha.

Kumwambia baba kulikuwa kugumu kuliko hesabu. Nalimwendea akiwa amekaa na redio yake. Nikaweka chaja mbili juu ya meza, nikamwonyesha tarakimu, nikamweleza kila kitu, pamoja na soda. Akazitazama chaja kwa muda mrefu, akaigeuza ile ndogo kwa kidole. Akasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Kisha akasema, "Mimi pia nalimhukumu bila kusikia. Lakini wewe ndiwe utakayekwenda kumchukua."

Nikaenda Munuki kwa miguu, kwa kuwa pesa zangu za boda boda naliziongeza katika bei ya chaja mpya. Nikamkuta mdogo wangu uani kwa shangazi, anaziba tundu la mpira kwa kiraka. Aliponiona hakukimbia wala hakuja. Katika desturi zetu mkubwa hamwangukii mdogo, na shangazi alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, na binamu zetu vile vile. Nikasema mbele yao wote, "Ulisema kweli. Diski ilikuwa ikilia tik, tik, tik. Ubaya ulikuwa chaja, na chaja nalinunua mimi. Nimekuonea. Nisamehe." Akaendelea kubana kiraka kwa kidole gumba. Kisha akauliza, "Sasa hailii?" Nikasema, "Hailii." Akauliza, "Umeisikia wewe mwenyewe ilipokuwa ikilia?" Nikasema nimeisikia. Akauliza tena, "Mara ngapi?" Nikamwambia, mara tatu kisha taa huzimika. Akasema, "Mara nyingine nne."

Sikuwa nimehesabu mara nne hata siku moja. Nikamwambia tutaangalia katika daftari.

Tulirudi jua likiwa chini, Jebel Kujur ikionekana nyeusi upande wa magharibi. Vijana walikuwa wamekwisha kukaa chini ya mwarobaini, na mama alikuwa mlangoni na sinia lake. Mdogo wangu hakwenda upande wa jikoni. Aliingia chumba cha ruta peke yake, akakaa ndani kama dakika tano, na hakuna aliyemwita. Alipotoka akaketi chini karibu na mama, akaegemea goti lake. Mama akaiweka simu juu ya sinia, katikati ya majani ya mboga, akaifungua ile faili ya tatu, nyanya anapofika mtoni na kuanza kutaja majina ya waliovuka.

Daftari sasa linakaa kwa mdogo wangu. Kuna ukurasa alioandika yeye, tarehe moja, saa moja na robo usiku, watu wanane. Katika safu ya sauti ameandika: hakuna.